Moshi wa Buluu Juu ya Salgaa

Mwaka ule mama alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, katika hospitali moja mjini Nakuru, na kutoka kwetu upande wa Molo hadi huko ni mwendo mrefu kwa mtu ambaye mwili umemkataa. Gari letu ndilo lililombeba. Lilikuwa gari refu la dizeli, la zamani, lenye gia za mkono, tulilolinunua mimi na mume wangu kwa ajili ya kubebea viazi na mitungi ya maziwa. Mume wangu anafanya kazi mbali, Lodwar, kwa hivyo dereva nilikuwa mimi. Nilikunja viti vya nyuma upande mmoja, nikatandika godoro dogo na mito, na mama akawa anasafiri akiwa amelala nusu, amejifunika shuka la masai, mkono wake unaochomwa sindano za mashine umewekwa juu ya mto ili usigonge popote.

Moshi niliuona kwanza kwenye kioo. Tulikuwa tunarudi nyumbani, tunapanda mlima, na nyuma yetu kulikuwa na mtu wa bodaboda ambaye ghafla alitoka barabarani, akasimama kando na kujifunika pua kwa kola ya jaketi. Nilifikiri kuna lori mbele yetu linalomsumbua. Halafu nikaona kwamba mbele yangu hapakuwa na lori. Wingu jeusi lilikuwa linatoka kwetu.

Mama naye alikuwa amenusa. "Maitu," aliniita. Huniita hivyo, yaani mama, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake. "Tunachoma nini huko nyuma?"

"Ni gari tu, mama. Limechoka na mlima."

Tukafika juu, penye barabara tambarare. Kisha akasema, polepole, akiangalia dirishani, "Kama limechoka, basi tuko wawili. Labda tungepumzika tu, mimi na lenyewe."

Hakuwa anatania. Tangu mavuno alikuwa akidokeza hivyo: kwamba amechoka kuchomwa sindano, kwamba anatupotezea siku, kwamba watu wa zamani walikuwa wanakufa kwao na hakuna aliyelalamika. Daktari alikuwa amenieleza waziwazi kitakachotokea tukiacha. Maji yangejaa mwilini, yapande mapafuni, na mwisho wake haungekuwa wa kupumzika hata kidogo. Mimi nilikuwa nimempa mama kila sababu ya kuendelea, na sasa gari lilikuwa limeanza kumpa sababu ya kuacha. Kila safari iliyoharibika ingekuwa hoja yake.

Ndiyo maana siku ya kliniki iliyofuata, mara tu wauguzi walipomlaza na kumuunganisha na mashine, nilikimbia kwa fundi.

Alikuwa na uwanja wake nyuma ya wauza mbao, ukuta wa mabati pande tatu, udongo uliolowa oili mpaka ukawa mgumu kama lami. Mtu wa umri wangu, mpole, miwani imefungwa uzi sikioni. Hakufungua bonneti. Aliniuliza maswali kwanza. Moshi unatoka gari likiwa baridi au moto? Kwa mlima, au hata likisimama? Ukitoka unawasha macho? Oili inapungua? Maji yanapungua? Nilijibu moja tu, lile la mlima. Mengine sikujua.

"Basi uanze kuangalia, madam," alisema. "Gari ya dizeli ikitoa moshi nyeusi, ujue mafuta ni mengi kuliko hewa. Ikitoa nyeupe, ni mafuta imepita bila kuchomeka, ama ni maji imeingia ndani. Ikitoa ya bluu, hiyo ni oili inachomeka. Hiyo ndio sipendi. Lakini unaweza pata zote tatu kwa gari moja, kila moja na sababu yake, ndio maana sitaki kukimbia."

Mimi nilitaka akimbie. Nilikuwa na saa nne tu kabla mama hajatolewa kwenye mashine.

Alifungua chujio la hewa kwanza. Alipolipiga juu ya tairi, vumbi la barabara zetu lilimwagika kama unga. Ilikuwa miezi ya kusomba viazi, malori yanapita mashambani mchana kutwa, na gari langu lilikuwa likivuta vumbi hilo safari baada ya safari. "Ilikuwa inapumua kwa kitambaa," alisema. Aliweka chujio jipya, akaniambia nikanyage mafuta. Weusi ulipungua mpaka ukawa ukungu mwembamba. Nilimrudia mama nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa muda mrefu. Nilimwambia gari limepona. Alinitazama na kusema, "Sawa," namna anavyowaambia wauguzi.

Furaha hiyo haikudumu. Asubuhi za Molo zina baridi inayouma, nyasi nyeupe kwa barafu, na gari lilipowashwa siku ya safari lilitetemeka na kutoa moshi mweupe mzito uliojaza ua wote. Kuku walikimbia. Mama alikuwa amesimama barazani, amejikunja ndani ya shuka, akingoja nimshike mkono ateremke ngazi. Aliuangalia moshi ule ukipita mbele yake. Nilimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na baridi. Nilijua lazima tufike.

Njia nzima nilikuwa nikitazama kipimo cha joto kuliko barabara. Maji imeingia ndani, fundi alikuwa amesema. Nilikuwa nimewasikia watu wakizungumza kuhusu gasketi ya hedi, ile inayozuia maji yasiingie ndani ya injini, kwa sauti wanayotumia kuzungumzia saratani. Kila mara sindano iliposogea kidogo nilipunguza mwendo, na malori yakanipita kwa hasira.

Fundi aliliacha gari mpaka likapoa, akafungua kifuniko cha rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, akaliwasha, akainama akiangalia maji kwa muda ambao niliuona mrefu sana. Mimi nilisimama nyuma yake nikiangalia mgongo wake.

"Hakuna povu," alisema. "Na maji ni safi, haina mafuta juu. Hiyo hedi iko sawa. Hii ni nozeli."

Alinieleza kwamba nozeli ndizo zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, na kwamba zinatakiwa kunyunyiza kama manukato, si kudondosha. Alizitoa zote akatuma zikapimwe kwa mtu mwenye mashine ya kupimia. Majibu yalirudi kwamba moja ilikuwa inavuja kama bomba bovu. Ilirekebishwa. Nilikuwa nikienda mbio kati ya hospitali na gereji, nikichungulia kama mama ameamka, nikirudi kuuliza kama nozeli zimeletwa. Muuguzi mmoja aliniambia niketi, nisije nikalazwa pia. Niliketi kidogo. Mama alikuwa amefumba macho, mirija imejaa damu, na mashine inazunguka taratibu kando yake. Nilipoinuka tena alifumbua jicho moja.

"Nenda tu," alisema. "Unanichosha ukikaa."

Moshi mweupe uliisha. Kwa wiki moja hivi, au karibu, nilidhani tumemaliza.

Kisha, jioni moja nilipoegesha uani na kuliacha likinguruma kidogo ili nifungue geti la ng'ombe, niliona moshi mwingine. Haukuwa mwingi. Ulikuwa wa buluu, umelala chini karibu na ardhi, na ulikuwa na harufu tamu inayokera. Nilijiambia ni mwanga wa jioni.

Mama alikuwa amebaki ndani ya gari. Alikuwa ameshusha kioo.

"Hiyo ni oili," alisema.

Hapo lazima nieleze jambo kuhusu mama. Baba alipofariki tukiwa wadogo, mama alibaki na kinu cha kusaga unga pale senta, chumba kimoja cha mabati chenye injini kubwa ya dizeli yenye gurudumu la chuma. Wengi walimshauri auze. Hakuuza. Alijifunza kuiwasha, kuizima, kuibadilishia mikanda, na kwa miaka mingi alirudi nyumbani nyusi zake zikiwa nyeupe kwa unga na mikono yake ikiwa myeusi. Sisi watoto tulikua tukisikia ile tuk-tuk-tuk kutoka ng'ambo ya bonde na kujua yuko salama. Umeme ulipofika senta watu walileta vinu vya mota, naye akafunga chake. Ilikuwa zamani. Tangu augue hakuwa amewahi kuitaja injini ile.

"Umejuaje?" nilimuuliza.

"Nimenusa." Akapandisha kioo. Nikaenda kufungua geti la ng'ombe.

Siku ya safari iliyofuata nilimwambia fundi. Alivuta kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Oili ilikuwa imeshuka sana, na chini ya gari hapakuwa na hata tone lililomwagika. Uso wake ulibadilika kidogo. Alifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma na kuweka kiganja juu ya tundu, akisikiliza kwa mkono.

"Kama ni ringi za pistoni zimekwisha, hapa ingekuwa inapumua sana, inanirushia moshi," alisema. "Haipumui hivyo. Mimi nashuku turbo."

Turbo nilikuwa nimesikia tu kama neno la vijana. Alinieleza kwamba ni feni ndogo inayosukumwa na moshi wenyewe ili kuongezea injini hewa, na kwamba inazunguka juu ya mhimili unaolainishwa na oili. Mhimili ukilegea, oili inapita na kuingia kwenye njia ya hewa, na injini inaila.

"Mpaka niifungue nishike huo mhimili na mkono ndio nitajua. Lakini sasa iko moto, na kutoa hiyo kitu si kazi ya haraka." Alitazama saa yangu, kwa maana alikuwa ameshajua ratiba ya mama. "Nimekuongezea oili. Endesha polepole, usiisukume kwa mlima. Jumamosi asubuhi uniletee, nishinde nayo."

Nilimuuliza kama litafika nyumbani.

"Itafika," alisema. Kisha, baada ya kufikiri, "Naona itafika."

Mama alitoka kwenye mashine akiwa mnyonge kuliko kawaida. Shinikizo lake la damu lilikuwa limeshuka, wauguzi wakamweka kidogo wamwangalie, kisha wakaturuhusu. Nilimlaza juu ya godoro. Tulipita Ngata, tukapita njia za mashamba, na nilikuwa ninaendesha kana kwamba nimebeba mayai. Salgaa ilikuwa imejaa malori kama kawaida, yameegeshwa pande zote mbili, madereva wanakula vibandani. Nilitamani kusimama. Lakini kusimama kufanya nini? Mama alihitaji kitanda chake. Nikaendelea, na mlima ukaanza.

Nilikuwa gia ya tatu. Kwanza nilisikia gari likipata nguvu. Niseme ukweli, kwa nukta moja nilifurahi. Kisha nikaona kwamba mguu wangu haukuwa umekanyaga mafuta. Niliuinua kabisa. Sauti ikapanda. Gari lilikuwa linapanda mlima lenyewe, linaongeza mwendo, na nyuma yetu barabara ilikuwa imepotea ndani ya wingu la buluu na nyeupe. Nilikanyaga breki. Lilipigana nami. Nilikanyaga klachi, na hapo injini ikapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kutoka kwa kitu chochote, mpaka usukani ukatetemeka mikononi mwangu. Honi zilikuwa zinalia mahali fulani ndani ya moshi. Nilijitupa kando ya barabara, kwenye changarawe, nikatoa gia, nikavuta breki ya mkono na kuzungusha ufunguo.

Taa za dashibodi zilizimika. Injini haikuzimika.

Niliuchomoa ufunguo kabisa. Niliushika mkononi na kuutazama, na gari likaendelea kupiga kelele mbele yangu. Sijui kama ninaweza kueleza hofu hiyo. Ilikuwa kama kuzungumza na mtu unayemjua halafu unaona hakujui.

Nikamkumbuka mama. Nilizunguka nyuma, nikafungua mlango, nikamvuta kwa makwapa, nikiogopa mkono wake, nikiogopa kila kitu. Alikuwa mwepesi. Nilimbeba nusu na kumburuta nusu mpaka kwenye nyasi, mbali na barabara, upande ambao upepo haukuleta moshi, nikamketisha akiegemea tuta. Nikarudi kuelekea gari bila kujua ninarudi kufanya nini.

Nilipogeuka kumtazama, mama alikuwa ameweka kiganja juu ya pua na mdomo wake. Aliondoa, akaweka tena, akabonyeza kwa nguvu. Macho yake yalikuwa makubwa. Nilijua kilichotokea: hawezi kupumua. Moshi, shinikizo, moyo. Nilimkimbilia, nikapiga magoti, nikaanza kumfungua kifungo cha shingoni.

Aliupiga mkono wangu. Alinivuta sikio karibu na mdomo wake, kwa sababu kelele ilikuwa imejaza kila mahali.

"Si mimi. Gari. Inakunywa oili yake yenyewe, ufunguo hauna kazi. Lizibe pua."

"Pua gani, mama?"

"Pahali linavuta hewa. Kwa kinu nilikuwa nafunika na gunia. Na usiweke mkono, litakuvuta. Tafuta kitu kigumu."

Nilikumbuka chujio la hewa, na vumbi lile juu ya tairi. Pua nilikuwa ninaijua. Fundi alikuwa amenionyesha, mdomo wa plastiki mweusi karibu na taa ya kushoto. Nilifungua bonneti. Joto na kelele vilinirudisha nyuma hatua nzima. Nilichomoa kapeti la mpira la miguuni, nikalikunja, nikaliweka juu ya mdomo ule na kulikandamiza kwa mikono miwili. Lilinyonywa mara moja, likashikilia kama limegandishwa. Sauti ilishuka. Ilikohoa. Nilidhani imekwisha, kisha ikapanda tena, kwa maana pembe moja ya kapeti ilikuwa imeinuka na hewa ilikuwa inapenya.

Hapo ndipo mwanamume mmoja alipotokea kwenye moshi akikimbia. Lilikuwa lori lake lililokuwa nyuma yetu. Alikuwa amelisimamisha katikati ya barabara, taa za hatari zinamulika, ili magari mengine yasituvamie. Mtu mzima, mnene, ndara miguuni.

"Shikilia hapo, usiachilie!" aliniambia, akaingia upande wa dereva. Nilimwona kupitia kioo akikanyaga breki kwa uzito wake wote, akaingiza gia ya juu kabisa, kisha akaachia klachi ghafla. Gari liliruka, likainama kama ng'ombe anayeanguka, likagonga magoti yangu, na injini ikafa.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa. Nilisikia malori chini kule yakibadilisha gia. Nilisikia mafuta yakichemka mahali fulani ndani ya chuma. Bado nilikuwa nimekandamiza kapeti, na dereva yule ndiye aliyekuja kunifungua vidole.

"Imekufa, madam. Achilia. Imekufa."

Niliketi kwenye changarawe. Dereva alikwenda kwa mama, akachuchumaa mbele yake kwa heshima.

"Mathe, uko sawa?"

"Niko sawa," mama alisema. "Umefanya vizuri kuweka gia ya juu. Mimi yangu haikuwa na gia."

"Yako gani?"

Na mama akaanza kumsimulia. Alimwambia kuhusu kinu, kuhusu siku injini ilipokimbia na watu wote wakatoroka nje, wengine wakiacha hata viatu, na yeye akabaki kwa sababu ndani kulikuwa na mahindi ya wenyewe na hakutaka yaungue. Alimwonyesha kwa mkono wake mzuri jinsi alivyolilowesha gunia ndani ya ndoo ya maji na kulitupa juu ya mdomo wa hewa. Dereva alicheka, naye mama akacheka, kikohozi kikamkatiza, akaendelea. Mimi nilikuwa nimekaa hatua chache nikiwatazama, machozi yananitoka bila sauti, na sikuwa nimewahi kuisikia hadithi hiyo. Mama alikuwa na rangi mbaya usoni. Midomo yake ilikuwa mikavu. Lakini alikuwa anazungumza sentensi ndefu, na sikumbuki mara ya mwisho alipokuwa amefanya hivyo.

Jirani yetu alikuja kutuchukua. Gari lilivutwa mpaka kwa fundi. Usiku ule nililala chumba cha mama, juu ya mkeka, nikisikiliza anavyopumua, nikihesabu kichwani siku zilizobaki kabla ya safari ijayo na magari ambayo ningeweza kuazima. Niliogopa asubuhi. Niliogopa kwamba atasema, unaona sasa, nilikuambia.

Hakusema. Siku ya kliniki ilipofika niliamka nikamkuta ameketi kitandani, amevaa, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri.

"Umepata gari?" aliniuliza.

"Nimepata la jirani."

"Tukitoka huko hospitali tupitie kwa huyo fundi wako. Nataka kuona hiyo kitu."

Nilimwambia atakuwa amechoka. Alisema amekuwa akichoka kila siku na hajaona faida yake. Kwa hivyo baada ya mashine nilimpeleka, nikimshikilia kiunoni, tukapita wauza mbao, na fundi akakimbia kumtafutia kiti. Turbo ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa, nyeusi, imelowa. Fundi alishika ncha ya mhimili akautikisa. Ulicheza kama jino la mtoto.

"Hii ndio ilikuwa inamwaga oili ndani," alisema. Kisha akamgeukia mama, si mimi. "Mathe, mimi nilidhani itafika Jumamosi. Nilikosea. Pole."

Mama alinyoosha mkono na kuutikisa mhimili mwenyewe. Aliutikisa kwa muda. "Hata mimi nilinusa na sikusema vizuri," alisema. "Injini yenyewe je? Imepasuka?"

Fundi alimweleza jinsi alivyopima nguvu ya kila silinda, na kwamba moja ilikuwa imedhoofika kidogo. Mabomba yote ya hewa yalikuwa yameoshwa, kwa sababu oili ikibaki humo injini inaweza kukimbia tena hata kwa turbo nzuri. Angeweka turbo nyingine, abadilishe oili yote, aliwashe akiwa na ubao mkononi wa kuziba hewa. Nilimuuliza swali nililokuwa nikilibeba tangu siku ile: je, linaweza kurudia?

"Sioni kama itarudia," alisema. Alivua miwani akaifuta na shati, ambalo lilikuwa chafu kuliko miwani. "Lakini siwezi kuapa, madam. Hiyo silinda moja sina amani nayo. Inaweza kukaa miaka, inaweza kukataa. Ukiona moshi yoyote, usingoje Jumamosi."

Gari lilirudi. Halijawa kama zamani. Kwenye mlima ule linapanda kwa shida, na mimi ninaliacha lipande kwa shida, kioo kimeshushwa hata kukiwa na baridi, ili nisikie. Nina ubao mdogo niliokatiwa na wauza mbao, umewekwa chini ya kiti. Mama alikataa godoro. Sasa anakaa mbele, na kuna siku anafumba macho njia nzima na siku nyingine ananiambia gia niliyotumia haikuwa sawa. Sijamuuliza kama bado anafikiria kuacha mashine. Mara kadhaa nimefungua mdomo kumuuliza, nikazungumzia ng'ombe badala yake.

Juzi tulikuwa tunarudi, na kabla ya mlima kulikuwa na mwanamke mmoja kando ya barabara akichoma mahindi. Mama aliniambia nisimame. Nilimkumbusha yale daktari aliyoyasema kuhusu chakula chake, na kwamba sipendi kuzima gari pale.

"Usizime basi," alisema. "Shuka tu uninunulie moja. Laini, si hayo magumu."

Niliacha injini ikinguruma, nikashuka, nikasimama kati ya jiko na gari nikiangalia bomba la moshi huku mahindi yakigeuzwa. Kulikuwa na mvuke mwembamba, ukapotea. Nilirudi nikavunja hindi katikati, nikampa kipande kidogo. Alikitazama, akakitazama changu, akanyoosha mkono akachukua kile kikubwa.

"Endesha," alisema.